Picha ya Mlangoni kwa Daktari wa Mifugo



Leo nataka tuzungumzie picha. Siziongelei picha za harusi wala za wagombea. Nasema zile wanazobandika madaktari wa mifugo: kwenye mabango ya kliniki, kwenye milango ya maduka ya dawa za mifugo, kwenye fulana za wahudumu, na siku hizi kwenye kurasa za Instagram na stetasi za WhatsApp. Ukipita mitaani utaziona. Mbwa wa manyoya ya dhahabu amejilaza kwenye majani mabichi. Paka mweupe wa macho ya samawati. Daktari wa Kizungu, koti jeupe, stetoskopu shingoni, anacheka na mtoto wa mbwa. Chini yake namba za simu.

Sasa ingia ndani. Daktari ni kijana wetu aliyesomea Sokoine, Morogoro, au Kabete, Nairobi. Kwenye benchi amekaa mzee na kuku wawili kwenye tenga. Nje, mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya umeme. Mbwa aliyelala chini ya benchi ni wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Yule wa dhahabu hayupo na hajawahi kuwapo, kwa sababu picha yake iliokotwa mtandaoni na kijana wa kutengeneza mabango.

Mtu atasema, bango ni bango, kazi iko ndani. Mimi sikubali. Picha ya mlangoni humchagua mteja kabla daktari hajafungua mdomo. Humwita mmoja na kumrudisha mwingine. Na katika kazi ya mifugo, yule anayerudishwa mara nyingi ndiye aliyepaswa kuingia wa kwanza.

Mfikirie mlinzi mwenye mbwa koko anayelala naye getini. Amesikia kwamba mbwa huchanjwa. Anapita mbele ya kliniki, anatazama bango, anamwona yule mbwa wa dhahabu aliyechanwa manyoya, kisha anamtazama wake. Hasimami. Hajauliza bei, maana bei keshatajiwa na picha: pale ni pa mbwa wa wenye nazo. Mama mwenye mbuzi wawili wa maziwa uani naye hupita vivyo hivyo. Kwenye bango hakuna mbuzi, basi anakwenda kununua dawa ya minyoo kwa kukisia, anampa mbuzi kipimo alichoambiwa na jirani.

Hili la mbwa koko si suala la biashara peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, dawa hakuna. Ila ugonjwa unazuilika, na wataalamu wametaja kiwango: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi unakatika. Asilimia 70 hiyo haiwezi kupatikana kwa mbwa wa nyuma ya geti pekee. Inapatikana kwa mbwa wa machinjioni, wa sokoni, wa kwenye mashamba, wanaovutwa kwa kamba ya katani na mtoto wa darasa la nne. Bango lisilomwonyesha mbwa huyo linampunguza kwenye hesabu.

Tusidhani kwamba kutangaza kazi kwa sura ya mnyama ni mambo ya leo. Wazee wetu waliokuwa na gramafoni wanamkumbuka mbwa wa kwenye santuri, yule ameinamisha kichwa mbele ya honi, anasikiliza. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi taarabu, kampuni iliyomrekodi ndiyo yenye chapa hiyo, His Master's Voice. Mbwa yule hakubuniwa. Alikuwa mbwa hasa, jina lake Nipper, wa mjini Bristol, Uingereza, akafa mwaka 1895. Mchoraji Francis Barraud, ambaye Nipper aliwahi kuishi kwake, ndiye aliyemchora. Kampuni ilipoinunua picha hiyo mwaka 1899 ilimtaka afute mashine ya zamani aliyokuwa ameichora na kuweka gramafoni yao. Akafuta, akachora upya, na mbwa akabaki kama alivyokuwa. Kampuni zimeungana na kuuzwa tangu hapo, mashine zimepitwa na wakati, na watu bado wanamtambua Nipper kwa namna tu alivyoinamisha kichwa. Mnyama wa kweli, mwenye tabia yake, hukaa kichwani mwa watu kuliko mrembo asiye na jina.

Karibu yetu zaidi, nenda Lamu. Mji ule mizigo yake imebebwa na punda tangu enzi, na tangu mwaka 1987 pana kituo cha kuwatibu punda, kiko pale pale mbele ya bahari. Mwenye punda wa kubeba mchanga au matofali ya matumbawe haulizi kama mnyama wake anaruhusiwa kuingia. Anachokiona pale ni punda, akitibiwa jeraha la mgongoni. Hiyo ndiyo picha ya mlangoni niisemayo, hata kabla hujagusa kamera.

Na ukiishika kamera, je? Hapa pana ufundi, na nataka tuuzungumze taratibu kwa sababu madaktari wengi hupiga picha zao wenyewe kwa simu kisha wanashangaa kwa nini hazivutii.

Anza na kimo. Mtu mzima akisimama na kumpiga mbwa picha kutoka juu, hupata kichwa kikubwa, miguu mifupi na sakafu tele. Mpiga picha ajuaye kazi hulala chini, kifua kikigusa saruji, lenzi iwe sawa na jicho la mnyama. Jicho ndilo lionekane kwa ukali, hata kama mkia umefifia. Akiwa ni ng'ombe, chutama upande wa bega, usisimame nyuma yake. Teke la ng'ombe halichagui mgeni.

Kisha mwanga. Mbwa weusi wanalalamikiwa sana kwamba hawatoki kwenye picha. Sababu ni moja. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ukiielekeza kwa mbwa mweusi inadhani pana giza, inaongeza mwanga, na mbwa anatoka amepauka. Kwa mbuzi mweupe ni kinyume: inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na mbuzi anaonekana mchafu. Dawa yake iko kwenye simu yako. Gusa kioo pale alipo mnyama, kisha telezesha kidole: shusha mwanga kidogo kwa mweusi, pandisha kidogo kwa mweupe. Na usimpige ndani ya chumba chenye taa moja ya buluu. Mtoe barazani penye kivuli, saa mbili au saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mwanga wa kivuli cha baraza unazionyesha nywele moja moja.

Flashi iache. Nyuma ya jicho la mbwa, paka na ng'ombe pana utando unaourudisha mwanga. Ndio unaoyafanya macho yao yawake usiku mbele ya taa za gari. Ukipiga flashi unapata mnyama mwenye makaa ya kijani usoni, naye umemshtua bure, na daktari ndiye atakayeng'atwa dakika mbili baadaye wakati wa kuchoma sindano.

Sasa niliweke wazi jambo ambalo wapiga picha wa harusi hawalijui. Kliniki si studio. Mbwa anayesubiri upasuaji amenyimwa chakula kwa makusudi, maana akitapika akiwa chini ya dawa ya usingizi, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mpiga picha anayetoa biskuti mfukoni ili mbwa atazame kamera anaweza kuiharibu kazi ya siku nzima, au kumuua mnyama. Ulizeni kwanza. Mlio wa funguo au mluzi mdogo unatosha.

Pia yako magonjwa yanayosafiri na vifaa. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, huweza kukaa kwenye sakafu kwa miezi. Sabuni ya kawaida haivimalizi. Vinahitaji dawa yenye klorini, jiki iliyochanganywa inavyotakiwa. Mpiga picha aliyelala chini kwenye chumba cha wagonjwa kisha akaja kulala chini kwa watoto wa mbwa waliokuja kuchanjwa amewaletea ugonjwa kwa magoti ya suruali yake na kwa miguu ya stendi ya kamera. Utaratibu ni kuanza na wazima, na chumba cha walioambukizwa kisiingiwe kabisa. Mashambani ni hivyo hivyo. Homa ya miguu na midomo hutembea na viatu kutoka zizi hadi zizi, kwa hiyo buti zioshwe na kupulizwa dawa kabla ya kuingia kwa mfugaji wa pili.

Mnyama hawezi kusema "nimechoka na picha zenu", lakini husema kwa mwili. Mbwa anayejiramba pua wala hakuna chakula, anayepiga miayo wala hana usingizi, anayegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, huyo ana hofu. Paka aliyelaza masikio na kupigapiga mkia anakuonya. Sungura aliyelazwa chali akatulia tuli wengi humwona kama amepumzika, kumbe ameganda kwa woga. Picha kama hizo mteja wa kawaida ataziita nzuri. Mfugaji mzoefu ataona hofu, na atajiuliza ni kliniki gani inayojitangaza kwa mnyama aliyetishika.

Kuna macho mengine tena, ya wenzake daktari. Wao hutazama mikono. Mkono mtupu wa mhudumu uko ndani ya picha ya eksirei? Glavu zimevaliwa kwenye upasuaji, barakoa imefunika pua au imeshushwa kidevuni? Sindano iliyotumika imewekwa wapi? Mtoto anambusu mbwa ambaye hata chanjo hajapata? Kule Uingereza chama cha madaktari wa mifugo, British Veterinary Association, kimekuwa kikihimiza hata makampuni yasitumie mbwa wa pua bapa kwenye matangazo, kwa sababu wengi wao huhangaika kupumua, na kila tangazo lenye sura zile huwaongezea wanunuzi. Yaani picha ya mnyama mmoja inaweza kuwaletea taabu wengine ambao hata hawajazaliwa. Daktari akibandika sura ya bulldog kwa sababu inachekesha, anatangaza ugonjwa anaopaswa kuutibu.

Basi tupige picha gani? Nitawaambia moja ninayoipenda. Kuku wa kienyeji ameshikwa kwapani kwa mama. Mkono wa mhudumu umekiinamisha kichwa chake upande, kidole gumba kimelishusha kope la chini. Juu yake kichupa kidogo cha plastiki, na tone moja la chanjo ya mdondo linaning'inia tayari kudondokea jichoni. Hiyo ni chanjo ya I-2, inayotolewa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji akiiona picha ile amejifunza mambo matatu bila kusoma neno: kuku huchanjwa, kuchanja si upasuaji, na hapa wanachanja kuku wa kienyeji. Nionyesheni mbwa wa dhahabu awezaye kusema yote hayo.

Na nyingine ziwe za namna hiyo. Uso wa daktari mwenyewe, bila miwani ya jua, ili mteja amtambue akifika. Mlango wa kliniki jinsi ulivyo, na duka la jirani lionekane, ili anayekuja kwa bodaboda asipotee. Mkono unaopapasa kiwele cha ng'ombe kutafuta uvimbe. Mbwa koko akiandikiwa kadi ya chanjo. Friji ya chanjo yenye kipimajoto chake, kwa maana chanjo nyingi zikipata joto ni maji tu. Picha kumi za kweli zilizopigwa asubuhi moja zinatosha mwaka mzima. Ukiweza, mlipe mpiga picha wa mtaani kwenu nusu siku. Mkubaliane kwa maandishi picha zitatumika wapi na kwa muda gani, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania inaihesabu picha kuwa kazi yenye mwenyewe. Na mkumbuke, yule mbwa wa mtandaoni pia ana mwenyewe.

Mwenye mnyama naye aombwe ruhusa. Ng'ombe hana siri, ila mwenye ng'ombe anazo. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata; Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Kadi ya matibabu iliyofunuliwa nyuma ya paka inaonyesha jina, simu na mtaa wa mteja. Uso wa mtoto aliyeleta mbwa ni wa kuombewa kwa mzazi. Na pale penye wizi wa mifugo, picha ya ndama chotara iliyowekwa mtandaoni pamoja na mahali ilipopigwa ni ramani ya mwizi. Zima alama ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga.

Picha za majeraha zina nafasi yake, lakini nafasi hiyo si bango. Nimeona kurasa zinazoweka mguu wa mbwa uliosagwa na gari, damu mbichi, ili watu waandike "pole" kwa wingi. Hiyo ni biashara ya huruma. Kama unataka kuonyesha kupona, onyesha mnyama akiwa mzima, na mwenyewe amekubali. Hapa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilitungwa ili kiumbe kisiteswe bila sababu, na kumzuia mezani mnyama mwenye maumivu kwa ajili ya pozi moja zaidi ni kumwongezea mateso. Tiba kwanza, kamera baadaye.

Najua kuna daktari ananisikiliza na kusema: "Wewe hujui biashara. Watu wanataka kuona usasa. Nikiweka mbuzi na mbwa koko wataniona wa kijijini, na wenye mbwa wa gharama hawatakuja." Hoja hiyo si ya kupuuza, kwa kuwa kodi ya pango hulipwa na wateja wa namna zote. Lakini tazama vizuri. Mwenye mbwa wa gharama hatafuti mbwa anayefanana na wake. Anatafuta meza safi, glavu, na daktari aliyemshika mnyama kwa utulivu. Hayo yanaonekana kwenye picha ya mbwa koko sawasawa na kwenye picha ya mbwa wa Ulaya, tena yanaonekana zaidi, kwa kuwa daktari anayemshika mbwa koko kwa upole hamfanyii hivyo kwa ajili ya cheo cha mwenye mbwa. Usasa uko mikononi, hauko kwenye manyoya.

Neno la mwisho kwa ninyi wenye mifugo. Msimwamini daktari kwa sababu ya picha peke yake, hata ikiwa ya kweli. Tanzania kuna Baraza la Veterinari chini ya sheria ya mwaka 2003, na Kenya kuna Kenya Veterinary Board. Hao ndio wanaosajili. Cheti cha usajili kinapaswa kuwepo, na mteja ana haki ya kuomba kukiona. Kama hakipo, picha nzuri ya nje isikushawishi.

Na ninyi madaktari, bango linapochakaa na kung'olewa, msimrudie kijana wa mabango na kumwambia "weka mbwa yeyote". Mpelekeeni picha ya mgonjwa wenu, aliyepona mikononi mwenu. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kliniki nyingi hutangaza chanjo. Mwaka huu tangazo lenu liwe na mbwa wa mtaani kwenu, na kamba yake ya katani shingoni, ili mlinzi wa getini akipita asimame, aulize saa ngapi mnafungua, na amlete wake.